Kuwaandaa Walimu wa Historia Kufundisha Maangamizi ya Wayahudi na Mauaji ya Kimbari



Mwalimu wa Historia hukutana na mada nyingi ngumu darasani, lakini chache zinahitaji maandalizi kama hii: kuwaeleza watoto jinsi binadamu walivyokaa wakapanga, wakaandika orodha za majina, kisha wakawaua jirani zao kwa sababu tu ya kabila, taifa au dini waliyozaliwa nayo. Katika makala hii tunaeleza kwa nini jambo hili linatuhusu sisi waamini wa Jimbo la Same, mwalimu anapaswa kuandaliwa katika mambo gani, na familia pamoja na jumuiya zetu zina sehemu gani katika kazi hiyo. Tunalotaka kulionyesha ni kwamba shule na kanisa vinaweza kumlinda mtu, na vinaweza pia kumtoa auawe. Kinacholeta tofauti ni malezi ya wale wanaofundisha na kuongoza humo.

Maana ya maneno

Mauaji ya kimbari ni neno lenye maana ya kisheria. Mwaka 1944 mwanasheria Raphael Lemkin, Myahudi kutoka Poland, aliunda neno jipya la kulitaja kosa ambalo hadi wakati huo halikuwa na jina lake. Tarehe 9 Desemba 1948 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Mkataba wa Kuzuia na Kuadhibu Kosa la Mauaji ya Kimbari, ambao Tanzania nayo ni mshiriki. Kwa mujibu wa Mkataba huo, kosa hili hutendeka pale ambapo mtu anakusudia kuliangamiza, lote au sehemu yake, kundi la kitaifa, la kikabila, la rangi au la kidini. Matendo yenyewe ni matano: kuwaua watu wa kundi hilo, kuwadhuru vibaya mwilini au akilini, kuwawekea kwa makusudi hali ya maisha itakayowamaliza, kuwazuia wasizae, na kuwahamishia watoto wao kwa nguvu katika kundi lingine. Jambo la kushika ni nia. Si kila vita wala kila mauaji ya watu wengi ni mauaji ya kimbari, ingawa damu ya kila asiye na hatia, tangu ile ya Abeli, humlilia Mungu.

Maangamizi ya Wayahudi, ambayo huitwa pia Shoah au Holokosti, ni mauaji ya Wayahudi wapatao 6,000,000 yaliyofanywa na utawala wa Wanazi wa Ujerumani pamoja na washirika wao wakati wa Vita Kuu vya Pili, baada ya miaka ya kuwabagua na kuwatenga iliyoanza mwaka 1933. Wanazi waliwaua pia Waroma, watu wenye ulemavu, Wapolandi na wafungwa wa vita wa Kisovyeti kwa wingi mkubwa. Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda yalianza Aprili 1994 na kudumu siku zipatazo 100. Umoja wa Mataifa hutaja waliouawa kuwa zaidi ya 800,000, na Serikali ya Rwanda hutaja zaidi ya 1,000,000. Waliuawa pia Wahutu waliokataa kushiriki au waliowaficha jirani zao.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Mwamini wa Nyumba ya Mungu anaweza kuuliza: mambo ya Ujerumani na Rwanda yanatuhusu nini sisi tunaohangaika na samaki, mvua na mahitaji ya watoto shuleni? Jibu la kwanza lipo hapa hapa. Tangu bwawa letu lilipojengwa katika miaka ya 1960, kwa maji ya mito ya Kikuletwa na Ruvu, limewavuta wavuvi kutoka pande nyingi, wakaja kuishi jirani na Wapare wakulima na Wamasai wafugaji. Watoto wa makabila mengi huketi dawati moja na kupokea Komunyo katika Misa moja. Hii ni neema. Hata hivyo, kila anayeishi huku anajua kwamba ugomvi wa malisho, maji au nyavu ukizuka, jina la mtu hupotea upesi na mahali pake huja jina la kabila. Hatusemi kwamba ugomvi wa namna hiyo ni mauaji ya kimbari. Kusema hivyo kungekuwa kuipotosha historia na kuwakosea jirani zetu. Tunasema tu kwamba tabia ya kuliona kabila kabla ya kumwona mtu ndiyo mbegu ya uovu huo. Wahenga walitufundisha kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, na wakati wa kumkunja ni shuleni.

Jibu la pili ni kwamba historia hii iko karibu nasi kuliko tunavyodhani. Ndege ya Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda ilipotunguliwa Kigali jioni ya tarehe 6 Aprili 1994, ilikuwa ikitoka Dar es Salaam, alikohudhuria mkutano wa viongozi wa kanda. Tarehe 28 na 29 Aprili watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia wilaya ya Ngara katika muda wa takriban saa 24. Mto Kagera ulibeba miili ya waliouawa hadi Ziwa Viktoria. Wavuvi wa ziwa hilo waliikuta majini, na kwa muda watu wakaogopa kula samaki. Baadaye Umoja wa Mataifa uliunda Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, nayo ikaketi Arusha, mwendo wa saa chache tu kutoka Same, hadi ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2015. Iliwashitaki watu 93.

Shule ilipogeuzwa silaha

Hukumu ya kwanza ya Mahakama hiyo ilitolewa tarehe 2 Septemba 1998 dhidi ya Jean-Paul Akayesu, meya wa Taba. Ilikuwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari. Kabla ya kuwa meya, Akayesu alikuwa mwalimu, kisha mkaguzi wa elimu. Miongoni mwa waliouawa Taba walikuwamo walimu.

Mwaka 2003 Mahakama ilitoa hukumu katika kesi ya vyombo vya habari. Mmoja wa waliotiwa hatiani ni Ferdinand Nahimana, mwanzilishi wa redio RTLM, redio iliyowaita Watutsi mende na kuwahimiza watu wawaue. Nahimana alikuwa profesa wa Historia katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda. Mwaka 2007 Mahakama ya Rufani ilimpunguzia adhabu kutoka kifungo cha maisha hadi miaka 30, lakini ilithibitisha hatia yake ya uchochezi.

Watu hawa wawili hawakuangukia mahali patupu. Utawala wa Kibelgiji uliingiza kabila katika vitambulisho vya Wanyarwanda katika miaka ya 1930. Shuleni, kabila la mwanafunzi liliandikwa, nafasi za masomo ziligawiwa kwa kulifuata, na wapo walimu waliowasimamisha watoto darasani kwa makundi: Wahutu wasimame, kisha Watutsi. Watoto wengi walijua kabila lao kwa mara ya kwanza siku hiyo, mbele ya wenzao. Na sehemu kubwa ya shule hizo zilikuwa za Kanisa.

Ujerumani nako ilikuwa hivyo. Sheria ya tarehe 7 Aprili 1933 iliwaondoa Wayahudi katika utumishi wa umma, wakiwemo walimu. Mwezi Novemba 1938 watoto wa Kiyahudi waliobaki katika shule za serikali walifukuzwa. Vitabu vya hesabu viliwataka wanafunzi wakokotoe gharama ya kuwatunza wagonjwa wa akili, ili mtoto azoee kumwona mgonjwa kuwa hasara. Miaka michache baadaye, zaidi ya wagonjwa na walemavu 70,000 waliuawa kwa gesi katika hospitali na vituo vya matunzo.

Kwa hiyo ni kosa kudhani kwamba elimu peke yake ni kinga. Waliopanga mauaji haya walikuwa wasomi. Swali ni walisomeshwa nini, na nani aliyewasomesha.

Kanisa linafundisha nini

Msingi wa mafundisho yetu ni sura ya kwanza ya Kitabu cha Mwanzo: kila binadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes namba 27, unayataja mauaji ya kimbari kati ya maovu yanayopingana na uhai wenyewe. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2313, inafundisha kwamba kuangamiza taifa au kabila ni dhambi ya mauti, na kwamba mtu ana wajibu wa kukataa amri inayomwagiza kufanya hivyo. Mkristo hawezi kujitetea kwamba alitumwa.

Tamko la Nostra Aetate la tarehe 28 Oktoba 1965, namba 4, linakataza kuwabebesha Wayahudi wote wa wakati wa Yesu, wala Wayahudi wa leo, lawama ya mateso yake. Hapa tunawaomba makatekista na wasomaji wetu wawe waangalifu, hasa Dominika ya Matawi na Ijumaa Kuu. Kumwambia mtoto kwamba Wayahudi ndio waliomwua Yesu, bila maelezo, ni kurudia kosa lililowatesa watu kwa karne nyingi. Yesu, Mama yake na Mitume wake walikuwa Wayahudi. Mwaka 1998 Kanisa lilitoa hati juu ya Shoah iliyokiri udhaifu wa Wakristo wengi mbele ya mateso yale.

Kuhusu Rwanda, Sinodi ya kwanza ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika ilifunguliwa Roma tarehe 10 Aprili 1994, siku chache tu baada ya mauaji kuanza. Sinodi iliyolitazama Kanisa kama Familia ya Mungu ilifanyika wakati Wakristo wakiwaua Wakristo. Mwezi Novemba 2016 Maaskofu wa Rwanda waliomba msamaha kwa ajili ya Wakatoliki walioshiriki, na tarehe 20 Machi 2017 Papa Fransisko aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi za Kanisa na za watu wake, wakiwemo mapadre na watawa.

Kanisa linatupatia pia mwombezi aliyeijua kazi hii kwa ndani. Mtakatifu Teresia Benedikta wa Msalaba, yaani Edith Stein, alizaliwa katika familia ya Kiyahudi, akabatizwa mwaka 1922, akafundisha katika shule ya wasichana ya Wadominikani mjini Speyer, kisha katika taasisi ya Kikatoliki ya elimu na malezi mjini Münster. Mwaka 1933 alizuiwa kufundisha kwa sababu ya asili yake. Aliuawa Auschwitz tarehe 9 Agosti 1942, wiki mbili baada ya maaskofu wa Uholanzi kukemea hadharani mateso ya Wayahudi.

Nchi nyingine zinavyowaandaa walimu

Baada ya mwaka 1994 Rwanda ilisimamisha ufundishaji wa historia ya nchi hiyo shuleni, kwa kuwa vitabu vya zamani vilikuwa sehemu ya tatizo. Ilichukua miaka mingi kuandaa miongozo mipya ya walimu. Mtaala ulioanza kutumika mwaka 2016 unafundisha mauaji ya kimbari waziwazi, na walimu hupatiwa mafunzo ya elimu ya amani yanayohusishwa na Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari ya Gisozi, Kigali, iliyofunguliwa mwaka 2004, wanapopumzika watu zaidi ya 250,000. Afrika Kusini iliweka Maangamizi ya Wayahudi katika mtaala wake tangu mwaka 2007, ikiyafundisha sambamba na historia yake ya ubaguzi wa rangi, na vituo vya kumbukumbu vya Cape Town, Durban na Johannesburg huwaandaa walimu. UNESCO ilitoa mwongozo wa sera juu ya elimu hii mwaka 2017.

Hapa Tanzania, Kamati ya Taifa ya kuzuia mauaji ya kimbari ilizinduliwa mwaka 2012 chini ya itifaki ya nchi za Maziwa Makuu. Unazi na Vita Kuu vya Pili vimo katika masomo ya Historia ya sekondari, na mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024 una somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Mlango upo wazi. Kilichobaki ni kumwandaa atakayeingia kwa mlango huo.

Mambo ambayo mwalimu anapaswa kuandaliwa

Kwanza, ajue ukweli na aweze kutofautisha. Mfano upo Tengeru, karibu na Arusha, ambako kuna makaburi ya wakimbizi wa Poland waliopokelewa huko tangu mwaka 1942, wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Watu hawa walikuwa wamehamishwa kwa nguvu na utawala wa Stalin. Mateso yao ni makubwa, lakini hayakuwa Maangamizi ya Wayahudi. Mwalimu asiyejua tofauti hiyo huchanganya mambo, na mkanganyiko huwapa nafasi wale wanaokana kwamba maovu haya yalitokea.

Pili, aeleze hatua. Mauaji ya kimbari huanza kwa dhihaka, kisha huja orodha, sheria ya kutenga, na mwisho panga au gesi. Katika kila hatua walikuwapo watu walioweza kukataa. Mahakama ya Arusha ilibaini kwamba hadi tarehe 18 Aprili 1994 Akayesu alijaribu kuzuia mauaji Taba, ndipo akageuka. Mwanafunzi aulizwe: ni nini kilibadilika, na angeweza kufanya nini kingine?

Tatu, amrudishie aliyeuawa jina lake. Tarakimu ya milioni haimgusi mtoto. Humgusa habari za msichana wa umri wake, aliyekuwa na shule, wimbo aupendao na ndugu wa kugombana nao.

Nne, asitumie picha za maiti, wala asiwaigizishe wanafunzi kuwa wauaji na wahanga. Picha hizo humtia mtoto hofu au humzoesha ukatili, na huwavunjia heshima marehemu.

Tano, asilaumu kabila au taifa zima. Félicité Niyitegeka wa Gisenyi, mlei aliyejitoa katika utume, alikuwa Mhutu. Aliwaficha Watutsi, akakataa kuokolewa peke yake, akauawa pamoja nao Aprili 1994. Askofu Clemens August von Galen wa Münster alikuwa Mjerumani, naye mwezi Agosti 1941 alisimama mimbarani akakemea mauaji ya wagonjwa.

Sita, atumie ushahidi. Hukumu na kumbukumbu za Mahakama ya Rwanda zimehifadhiwa Arusha, katika majengo ya Umoja wa Mataifa huko Lakilaki. Mwanafunzi akijifunza kuchambua maneno ya redio ya mwaka 1994, atajua pia kuyapima maneno anayotumiwa leo kwenye simu.

Saba, ajichunguze mwenyewe. Mwalimu anayetania kabila la mwanafunzi mbele ya darasa, au anayempanga mtoto kwa asili yake, amelibatilisha somo lake kabla hajalianza. Akumbuke pia kwamba darasani anaweza kuwamo mtoto wa familia iliyokimbia mauaji.

Nyange: mahali pamoja, habari mbili

Tungependa kila mwalimu na kila padre ajue habari za Nyange, magharibi mwa Rwanda. Aprili 1994 Watutsi wapatao 1,500 walikimbilia kanisa la parokia hiyo, wakiamini kwamba katika nyumba ya Mungu hakuna atakayewagusa. Tarehe 16 Aprili kanisa lilibomolewa kwa tingatinga, likawaangukia. Padre wa parokia hiyo, Athanase Seromba, alihukumiwa Arusha mwaka 2006, na mwaka 2008 Mahakama ya Rufani ilimpa kifungo cha maisha, ikiona kwamba aliridhia ubomoaji huo.

Tarehe 18 Machi 1997 watu wenye silaha waliivamia usiku shule ya sekondari ya Nyange hiyo hiyo. Waliwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu upande mmoja na Watutsi upande mwingine. Wanafunzi walikataa, wakajibu kwamba wao wote ni Wanyarwanda. Walipigwa risasi na kurushiwa mabomu. Baadhi walikufa, wengine wakabaki na majeraha ya maisha. Rwanda inawaheshimu kama mashujaa wa taifa.

Padre alikuwa na seminari, sakramenti na mamlaka. Wanafunzi walikuwa na umri mdogo na giza la usiku. Sisi tulio mapadre habari hii inatuaibisha, na inatupasa kuisoma. Inaonyesha pia kwamba amri ile ile ya kujitenga, iliyozoeleka katika madarasa ya zamani, inaweza kukataliwa darasani.

Wajibu wetu

Wazazi, tunawaomba mwangalie maneno yanayosemwa nyumbani juu ya kabila la jirani. Mtoto huyapeleka shuleni yalivyo. Makatekista, fundisheni mfano wa Msamaria Mwema kama Yesu alivyoukusudia, yaani jirani ni yule tuliyefundishwa kumdharau. Wakuu wa shule zetu na wa seminari, wapeni walimu wa Historia muda na nauli ya kujiendeleza, na ikiwezekana waongozeni wanafunzi wa vidato vya juu hadi Arusha, wajionee mahali haki ilipotafutwa. Jumuiya Ndogondogo za Kikristo zinaweza kuombea nia hii tarehe 27 Januari, siku ya kimataifa ya kuwakumbuka wahanga wa Maangamizi ya Wayahudi. Tarehe 7 Aprili, siku ya kutafakari mauaji ya Rwanda. Na tarehe 9 Agosti, sikukuu ya Mtakatifu Teresia Benedikta.

Eneo letu limepewa jina la Nyumba ya Mungu, na watu wa Nyange nao walikimbilia nyumba ya Mungu. Tumwombe Mtakatifu Teresia Benedikta wa Msalaba awaombee walimu wetu, ili siku mtoto wa jirani atakapokimbilia kwetu, shuleni au kanisani, amkute mtu aliyefundishwa kumpokea.